Kompyuta ya mezani ya zamani hapa Tanga: pesa ya kwanza uitie wapi?

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba utakazokutana nazo kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni ni zile zilizostaafishwa maofisini: Dell OptiPlex 790 na 7010, HP Compaq 8200 na 8300, na zile zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne kama OptiPlex 9020. Zimetengenezwa kati ya mwaka 2011 na 2014 hivi. Usizidharau. Kasha lake ni chuma cha kweli, mazabodi (ubao mkuu wa ndani) haifi ovyo, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya i5 ya miaka ile bado inamudu hesabu za duka, barua, masomo ya mtandaoni na video. Kinachozichosha ni diski ya kuzunguka, vumbi na pesti (krimu ya kupitisha joto) iliyokauka juu ya prosesa.

Hata hivyo, mwenye mashine nzito akienda kwa fundi, ombi lake huwa lilelile: "Niongezee RAM," yaani kumbukumbu ya kazi. Mara nyingi pesa hiyo ingefaa kwanza kwingine. Mpangilio ufuatao ni wa mtu mwenye bajeti ya kuungaunga, anayenunua kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao.

1. SSD ya SATA

Hapa hakuna mjadala. SSD ni diski isiyo na kinachozunguka, na SATA ni njia ileile inayotumiwa na diski ya zamani kuungana na mazabodi. Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa hufikia megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini Windows haisomi hivyo. Inadokoa vifaili vidogovidogo kila upande wa diski, na hapo kasi huporomoka hadi megabaiti moja au mbili. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 hufika karibu megabaiti 500, na kwenye vifaili vidogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Mashine iliyokuwa ikiwaka huku umeshamaliza chai, sasa inawaka kabla hujavuta kiti.

Kwa kazi za kawaida, GB 240 au 256 zinatosha. Usishawishike na SSD ya NVMe (aina mpya isiyotumia SATA) ukiambiwa utaivisha adapta: BIOS, yaani programu ya ndani ya kuwashia, za mashine hizi kwa kawaida haziwezi kuwasha kompyuta kutoka kwenye NVMe, na utabaki na kifaa kizuri kisicho na kazi. Ichomeke kwenye SATA 0, maana si kila tundu la SATA kwenye mazabodi hizi lina kasi ileile. Kikikosekana kishikizo cha kuifungia, mkanda wa gundi wa pande mbili unatosha. Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka.

Jihadhari na uwezo wa kughushi. SSD ya "2TB" inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni ya kuogopwa. Ijaze data kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, ukiwa bado una risiti mkononi. Diski ya zamani usiitupe kabla ya kuipima kwa CrystalDiskInfo: ikiwa hesabu ya sekta (vipande vya diski) mbovu zilizohamishwa au zinazosubiri ni sifuri, ibakize iwe ghala la picha na muziki. Ikizidi sifuri, nakili vyako haraka.

2. Ubaridi: pesti, usafi na feni

Kwa mpangilio wa pesa, hii ni ya pili, lakini kwa mpangilio wa kazi ifanye siku ileile unayofunga SSD, kwa kuwa kasha tayari liko wazi. Tanga ni joto na unyevu, na upepo wa bahari unabeba chumvi. Mashine iliyokaa miaka Raskazone utaijua kwa kutu kwenye skrubu za nyuma na matundu ya USB yaliyofubaa. Vumbi likichanganyika na unyevu ule halipeperuki tena, linaganda kati ya mapezi ya kipoza joto kama ukoko wa wali.

Prosesa za Intel za wakati huo hujipunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100. Mwenye mashine hajui hilo. Anachoona ni kompyuta iliyo nyepesi asubuhi na nzito saa nane mchana. Pakua HWMonitor au programu nyingine ya kusoma joto, fungua video na kurasa kadhaa kwa robo saa, kisha tazama. Chini ya nyuzi 75, endelea na maisha. Ikizidi 85, fungua kasha.

Nunua kitubu kidogo cha pesti ya prosesa cha chapa inayojulikana, Arctic MX-4 kwa mfano. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi kali ya kusafishia, kisha weka tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati. Kipoza joto chenyewe kitalitandaza. Kupaka nyingi hakuongezi ubaridi.

Kupuliza vumbi kuna adabu yake. Kompresa ya gereji ina maji ndani ya tangi, na maji hayo yatatua kwenye mazabodi. Tumia blowa ndogo ya umeme, na shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa sababu feni iliyokimbizwa kupita kasi yake huharibika.

Ukihitaji feni mpya, angalia plagi kabla ya kulipa. Dell na HP mara nyingi hutumia plagi zao wenyewe. BIOS isipoiona feni yake, kila ukiwasha itasimama na kukudai ubonyeze F1. Feni iliyotolewa kwenye mashine ya modeli ileile ni bora kuliko mpya ya kubahatisha. Na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kuitandikia kompyuta sebuleni, tafadhali, kiende kwenye meza ya kahawa.

Draiva hazina namba, kwa sababu hazinunuliwi

Draiva ni programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa. Anayekuuzia CD ya "draiva zote", au programu ya kulipia inayoahidi kuzitafuta, anakuuzia kitu cha bure na pengine kirusi juu yake. Kabla ya kufuta chochote, andika Service Tag ya Dell (herufi na tarakimu saba zilizobandikwa kwenye kasha) au namba ya bidhaa ya HP. Ingia tovuti ya mtengenezaji, pakua draiva ya mtandao na ya chipseti (chipu kuu za mazabodi), na uziweke kwenye flashi. Ya mtandao ndiyo muhimu kuliko zote: ikikosekana huna intaneti, na bila intaneti huzipati nyingine. Ukishaunganishwa, Windows Update itajaza nyingi zilizobaki.

Kabla ya kusakinisha, ingia BIOS uhakikishe SATA iko kwenye AHCI, mpangilio wa kawaida wa diski. OptiPlex nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID, mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa. Ukibadilisha baada ya Windows kukaa, utakaribishwa na skrini ya bluu.

Lipo pia suala la Windows yenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine zetu hizi hazimo. Kwa mtu wa barua, kivinjari na WhatsApp ya wavuti, ningemwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, bila kusita: draiva karibu zote zimo ndani yake tayari. Kinachosumbua ni baadhi ya vifaa vidogo vya Wi-Fi vya USB, basi vijaribu kwanza kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi.

3. RAM

Lengo ni GB 8, vipande viwili vya GB 4, ili prosesa isome pande mbili kwa pamoja. Mitego ni mitatu. RAM ya seva ni rahisi, lakini aina ya registered haiwaki kwenye mashine hizi. RAM ya laptopu ni fupi, haiingii. Na zipo DDR3 (aina ya RAM ya mashine hizi) za GB 8 zilizoandikwa kuwa ni za AMD tu. Wameandika ukweli, kwenye Intel hazitafanya kazi.

4. UPS

Umeme ukipanda na kushuka, kinachoumia kwanza ni pawa saplai na faili lililokuwa wazi. UPS, kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika, ya VA 650 yenye kurekebisha volteji inatosha mashine moja na skrini yake. Ukinunua ya mtumba, hesabu bei ya betri mpya ndani yake. Siku hiyohiyo badilisha na kibetri cha CR2032 kwenye mazabodi kama saa inarudi nyuma.

5. Kadi ya picha

Kwa wachezaji na wahariri wa video tu. OptiPlex 7010 ndefu ina pawa saplai ya wati 275, kwa hiyo chagua kadi isiyotaka waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti ya wati 75. Kasha jembamba linataka kadi ya kimo kifupi (low profile). GT 730 ikwepe: jina ni moja lakini chipu ni tofauti, na nyingine draiva zake zilikwisha zamani.

6. Prosesa

Kutoka i3 kwenda i5 ya soketi (tundu la prosesa) ileile, sawa, ikipatikana kwa bei ya kutupa. Vinginevyo acha.

Pawa saplai sijaipanga kwa sababu hainunuliwi mpaka ife. Ikifa, kumbuka Dell za kizazi cha nne zina plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ukiagiza Kariakoo ije na basi hadi stendi ya Kange, mtumie muuzaji picha ya plagi kabla hajafunga mzigo.

Na ukifungua kasha ukakuta Core 2 Duo yenye RAM ya DDR2, au kapasita (vile vikopo vidogo kwenye mazabodi) zilizovimba vichwa, safisha, tia pesti, uishie hapo. Kama tayari umeshanunua SSD, hujala hasara: itaingia kwenye mashine yoyote utakayonunua baadaye yenye tundu la SATA. RAM ile ya DDR2 haitaingia.