Mafuta ya zeituni ya chupa nyeusi: uzoefu wangu wa wiki sita

Nusu lita, gilasi nyeusi, yameandikwa "extra virgin". Nayapa sifa kwa sharti moja: yaliwe. Huku Unguja tumezoea kuyaweka kabatini kama dawa. Mtu anajipaka kidogo, analamba kijiko akishikwa na kifua, kisha kichupa kinakaa mwaka mzima. Kwa joto letu, yanaharibika yakiwa bado yamejaa.

Kabla ya hiyo nilinunua ya chupa nyeupe, iliyopangwa dukani mahali pa jua. Yalinuka njugu kuukuu. Siku hizi napima hivi: kijiko cha chai ndani ya kikombe cha kahawa, nakifunika kwa kiganja mpaka kipate uvuguvugu, nanusa. Mazima yananuka majani mabichi, na ukiyameza yana uchungu na yanawasha kooni. Kuwasha huko si ubovu, ndio uzima wenyewe. Lile jaribio la kupima kama ni halisi kwa kuyagandisha kwenye friji liacheni, hata yaliyochanganywa na mafuta mengine huganda.

"Extra virgin" ni yaliyokamuliwa bila kemikali, asidi isizidi asilimia 0.8. Ukiona "pomace", hayo yametolewa kwenye makapi kwa kemikali, kisha yakasafishwa. Yanafaa kupikia, ila usiyalipie bei ya yale.

Samaki changu wa nusu kilo wa kuchoma nampaka vijiko viwili vya mezani, thomu punje tatu zilizotwangwa na chumvi, akae nusu saa. Ndimu namkamulia akishaiva, kwani ikitangulia nyama inakakamaa. Makaa yawe ya wastani na mafuta ya ziada yafutwe, la sivyo yatadondokea motoni na samaki atashika moshi mchungu. Kwa bajia na mandazi ni hasara tu, ladha yote inapotea.

Msiloweke thomu mbichi ndani ya chupa mkaiacha nje. Hukua humo vijidudu vya sumu kali, na huenda usisikie harufu yoyote.

Kwa ngozi, wastani. Mtoto mwenye ukurutu simpaki kabisa.

Mkinunua debe la lita 5, gawanyeni kwenye chupa ndogo nyeusi, zijae hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, mziweke mbali na jiko. Chupa zikauke vizuri kwanza, ndani na kwenye kifuniko.