Seti ya ripea ya kabureta kwa mashine kuukuu ya boti: kinachotengenezeka na kinachobaki

Mashine ya boti ya mipigo miwili ikikaa miezi bila kuwashwa, mara nyingi ugonjwa wake huanzia kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta hukauka taratibu na kuacha utando wa kahawia unaonata, nao huziba jeti (vitundu vinavyopima petroli) na kuigandisha sindano inayofungua na kufunga njia ya petroli kwenye kikalio chake. Baada ya hapo mashine huwaka kwa choki tu na kuzima choki inaporudishwa, au hutulia kwenye mwendo mdogo lakini hukata pumzi gesi ikiongezwa, au mafuta humwagika nje kwa sababu sindano haifungi tena. Seti ya ripea ninayoitathmini hapa niliifunga kwenye mashine ya namna hiyo, yenye silinda mbili na kabureta moja. Haikutoka kwa mtengenezaji wa mashine. Ni ya kampuni inayotoa vipuri vinavyoingia kwenye mashine za aina nyingi, na sifa zake pamoja na kasoro zake karibu zote zinatokana na jambo hilo.

Pakiti ina sindano mpya na kikalio chake, klipu ya kuishikilia sindano kwenye boya (kielea kinachoisukuma sindano ifunge petroli inapojaa), gasketi ya bakuli, gasketi ya kukaa kati ya kabureta na injini, oringi (pete za mpira) kadhaa na washa za skrubu. Boya halimo, wala jeti.

Sindano ndiyo iliyonifanya niione seti hii kuwa ya thamani. Niliilaza ile ya zamani kando ya mpya chini ya taa, na kwenye ncha ya mpira ya ile ya zamani ilionekana wazi pete iliyochimbika kuzunguka pande zote, mahali ilipokuwa ikigusana na kikalio kwa miaka mingi. Ncha ya namna hiyo haiwezi kuzuia petroli hata ikioshwa vipi. Baada ya kufunga mpya niliigeuza kabureta juu chini ili boya liilalie sindano kwa uzito wake, kisha nikapuliza kwa mdomo kupitia bomba safi la mpira lililochomekwa mahali petroli inapoingilia: pumzi haikupita hata kidogo, na nilipoirudisha kabureta wima, boya likashuka na pumzi ikapita bila kizuizi. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote cha ziada, nami ningependa kila anayefunga sindano mpya akifanye kabla ya kurudisha bakuli.

Gasketi zinahitaji macho zaidi. Kwa kuwa zimekatwa zitoshe kabureta za namna mbalimbali, moja ina matundu ambayo mashine yangu haiyahitaji, na nyingine mbili zinafanana mno ingawa unene wake unatofautiana. Asitupe mtu gasketi za zamani kabla ya kuzilinganisha na mpya tundu kwa tundu. Nasisitiza hili kwa sababu hewa inayovuja kati ya kabureta na injini hufanya mchanganyiko uwe na petroli pungufu, na katika mashine ya mipigo miwili ambayo oili yake huchanganywa na petroli, petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Pistoni hupata joto kupita kiasi na kukosa ulainisho kwa wakati mmoja, na inaweza kukwama ndani ya silinda. Gasketi ndogo ya karatasi inaweza kuwa chanzo cha kupoteza injini nzima.

Kasoro kubwa ya seti hii ni maelezo yake. Karatasi iliyomo inaonyesha mchoro wa vipuri tu, bila kutaja kimo cha boya wala idadi ya mizunguko ya skrubu ya mwendo mdogo, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuwa na kitabu cha matengenezo cha mashine yake. Kabla ya kuifungua skrubu hiyo, ni vyema kuizungusha ndani polepole mpaka iguse, huku ukihesabu mizunguko na kuiandika. Ikikazwa kwa nguvu, ncha yake huharibika na mashine haitatulia tena vizuri. Kwenye kabureta nyingi za zamani, boya hutakiwa kuwa sambamba na uso wa mwili wa kabureta, kabureta ikiwa imegeuzwa juu chini, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu.

Kazi ya kusafisha inabaki kuwa ya fundi mwenyewe, na vipuri vipya havitasaidia ikiwa njia za ndani bado zina utando. Sehemu zote za mpira na plastiki zitolewe kabla ya kutumia dawa ya kusafishia, kisha kila tundu lipulizwe kwa upepo wa kompresa huku macho yakiwa yamekingwa. Jeti zisichokolewe kwa waya wa chuma, kwa kuwa shaba ni laini na tundu likipanuka hata kidogo, kiasi cha petroli kinabadilika.

Ningetamani pia seti iwe na kiwambo cha pampu ya mafuta (ngozi laini ya ndani inayosukuma petroli). Petroli yenye ethanoli huvuta unyevu na kudhoofisha raba za zamani, na mpira wa mafuta (bomba la petroli) ulioanza kuchanika ndani hupeleka vipande vyake moja kwa moja kwenye kabureta iliyosafishwa. Niliununua mpira na kiwambo kando, na sioni maana ya kufanya ripea na kuviacha vya zamani.

Marekebisho ya mwisho niliyafanya boti ikiwa majini, mashine ikiwa na joto na gia imeingizwa, kwani pampu ya maji ya kupoozea haipaswi kuzunguka ikiwa kavu. Sasa mashine inatulia kwenye mwendo mdogo na inapokea gesi bila kusita. Sindano na gasketi zimeshika vizuri; washa ya skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli ndiyo pekee iliyoanza kuchuruzika, nami nimeibadilisha kwa ile ya mtengenezaji wa mashine.