Nilibadili jina la klasi moja, mama wa watu akaambiwa amekopa

Nitajaribu kuandika bila kutukana. Programu hii ya kuandikia Java, lugha ya kompyuta, nailipia kwa dola kila mwaka, kutoka mfukoni mwangu, na mpaka majuzi nilikuwa mpiga debe wake ofisini.

Nina mfumo wa saccos moja. Ndani mlikuwa na klasi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, inaitwa Mteja, ambayo kazi yake ni mikopo tu, nikaona iitwe Mkopaji. Bofya kulia, badili jina, enta, na programu inalibadili kila lilipotajwa. Ikakompailika (yaani msimbo ukageuzwa programu bila kosa), majaribio yote kijani, nikapandisha kwenye seva nikaenda zangu kula chipsi.

Siku mbili tatu baadaye mhasibu wao ananipigia. Kuna mama yuko dirishani na simu mkononi. Ni mwekaji akiba, hajawahi kukopa hata mia, na meseji yake inasomeka: "Ndugu Mkopaji, tumepokea shilingi 20,000." Mama hataki kiti, hataki maji, anataka aonyeshwe sahihi yake kwenye hiyo fomu ya mkopo. Nikapewa niongee naye. "Mwanangu, mimi nimekopa lini? Baba watoto akiiona hii nitamwambia nini?" Na hakuwa peke yake, kila aliyeweka pesa siku zile aligeuzwa mkopaji.

Yaani programu iliingia mpaka ndani ya alama za nukuu, yanapokaa maandishi ya meseji, ikabadili salamu ya watu, "Ndugu Mteja"! Kompaila hapo haikusaidii, maana kwake kilichomo ndani ya nukuu ni maandishi tu. Andika hata matusi, itapitisha.

Nikawaandikia wenye programu. Jibu likaja kwa Kiingereza laini, linaanza eti "ndugu mteja", linasema nifute kache (kumbukumbu za muda za programu) kisha niwashe upya. Kache! Nimeeleza aya nne, na picha nimeweka, mtu ananijibu kache. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kosa lenyewe.

Haya, na haki isemwe. Kile kisanduku cha kutafuta jina hata kwenye maandishi nilikitia tiki mwenyewe, zamani kidogo. Kuna klasi nyingine jina lake liliandikwa kwenye faili la mipangilio na kuitwa kwa Class.forName, amri ya Java inayotafuta klasi kwa jina lililoandikwa kama maandishi. Nilipoibadili bila tiki, kila kitu kilikompailika, halafu usiku seva ikalala chali na ClassNotFoundException, yaani klasi haionekani. Ndipo nikajifunza kutia tiki, na programu ikaitunza tiki yangu kimyakimya tangu siku hiyo. Tena dirisha la kukagua mabadiliko lilifunguka, na "Ndugu Mteja" ilikuwamo, huko chini kwenye mstari wa arobaini na kitu. Nani anasoma mpaka huko?

Nilianza na nyota moja. Nikikumbuka mafaili yote ya msimbo iliyoyabadili bila kukosea hata moja, napandisha tatu. Halafu nakumbuka nilivyotaka kutengua ikagoma, kisa mafaili yameguswa tangu siku ile, nikashinda kwenye Git, inayotunza matoleo ya zamani ya msimbo, narudisha mstari mmoja mmoja. Na ile kache. Mbili. Leseni ikiisha nitalipia tena, najijua.

Mama ameomba barua yenye muhuri kwamba hadaiwi. Nimeichapa mimi. Inaanza "Ndugu Mteja", nimeisoma mara nne kabla ya kuituma.