Nimerudi kwenye GPS yangu ya vitufe

Ni muda sasa, lakini hasira haijanitoka.

Mimi navua sangara Ziwa Victoria, natokea Igombe, Mwanza. Miaka mingi nimetumia GPS ya mkononi ya Garmin, kifaa cha kukuonyesha mahali ulipo kwa satelaiti, ile ya vitufe, kioo cha kijivu, betri mbili ndogo za dukani. Jioni tukishatega nabonyeza kitufe kimoja, nakishikilia kidogo, imeshika pale chelezo kilipo. Alfajiri inanirudisha palepale. Haina kazi nyingine.

Nilienda duka moja mjini kutafuta ya pili kama hiyo. Kijana akaichukua mkononi mwangu, akawaonyesha wenzake, wakacheka. "Mzee, hiki ni chuma chakavu. Simu hii ina GPS, ramani, kamera, kila kitu." Hata shikamoo hakunipa! Na mimi, kwa aibu ya kuchekwa mbele za watu, nikanunua simu.

Siku za mwanzo sikuwa na neno. Ramani ya rangi, Ukerewe inaonekana vizuri kabisa.

Kisha ikaja alfajiri moja ya upepo na rasharasha. Tumeshavuta nyavu za kwanza, mikono imejaa utelezi wa samaki. Nagusa alama ya tego la pili, inafunguka kamera. Nafuta kioo kwa shati, shati nalo limelowa. Matone yakaanza kubonyeza yenyewe: mara ramani imerukia Bukoba, mara inaniuliza kama nifute alama, na kabla sijagusa kitu imeshafuta. Fundi simu alinieleza baadaye kwamba kioo kile kinahisi umeme wa kidole, na maji yanakichanganya. Kitufe cha mpira hakijali maji, kinataka kusukumwa tu.

Tulizunguka hadi jua la utosi, petroli inaisha. Vijana wangu wakaniuliza, "Tajiri, ile ya zamani iko wapi?" Iko kabatini, nyumbani. Nyavu zile sikuziona tena.

Niseme haki: simu ina faida zake. Nawapigia wanunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba tukiwa bado majini, na hela naipokea humohumo. GPS ya zamani nayo ukiiwasha inakaa kidogo kabla ya kushika satelaiti. Kwa hiyo simu ningeipa nyota tatu. Hapana, tatu za nini? Niliinunua inipeleke kwenye nyavu zangu, ikazipoteza. Moja, tena kwa shingo upande.

Ile ya zamani naipa tano. Jua likiwa kali ndipo kioo chake kinasomeka, kwa sababu mwanga wa jua wenyewe ndio kinaoutumia. Simu saa hizo unajiona uso wako tu. Gizani dole gumba langu linajua kitufe kilipo bila kutazama. Juzi iliniponyoka ikaanguka ziwani. Ikaelea! Kijana wangu akaichota kwa kopo la kukumbia maji, nikaifuta, tukaendelea na safari.

Sasa mpira wa kifuniko cha betri umeanza kupasuka, na ndio unaozuia maji. Mwenye kujua ninapoweza kuupata hapa Mwanza aniambie. Duka lile sirudi.