Mkoba mmoja wa begani wa kuvulia pwani: uzoefu wangu wa mwaka mzima Pangani

Mkoba wenyewe ni wa turubai la kijani, wa kuning'iniza begani, una zipu mbili na mfuko wa wavu pembeni unaomeza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Niliununua Tanga mjini kwa shilingi 28,000, na tangu siku hiyo umepita nami kaskazi nzima na kusi nzima. Kabla yake nilikuwa natembea na sanduku la plastiki la ghorofa tatu. Sanduku lile lilinikosesha samaki. Nililiweka juu ya jiwe, nikatembea hatua 50 kuyafuata maji, halafu nikarudi mbio kulichukua kwa sababu bahari inapanda. Bamvua likija, yaani zile siku za maji makubwa za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu huku maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Uliposimama maji yakikufika magotini, saa mbili baadaye hapasimamiki tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni ya mkoba pamoja na vilivyomo. Mkoba mtupu hauna maana, na zana nyingi kwenye mkoba mdogo ni mzigo uleule kwa umbo jingine. Namwandikia mtu anayevua kwa miguu, ufukweni, kwenye mikoko, kwenye mwamba maji yakipwa, au ndani ya ngalawa ya kuazima ambapo hata pa kunyoosha mguu hakuna.

Nianze na fimbo, ingawa haiingii mkobani. Yangu ina mita 2.1, ya vipande viwili, na rili ya ukubwa wa 3000 yenye uzi wa kusuka wa ratili 20. Inatupa kitu cha gramu 10 bila shida na cha gramu 30 bila kuogopa kuvunjika. Mbele ya uzi nafunga mita moja ya nailoni nene ya ratili 40. Wapo wanaoliruka hili, na ndio wanaolia baadaye. Uzi wa kusuka una nguvu sana ukivutwa, lakini ukigusa mwamba au gamba la chaza unachanika mara moja, wakati nailoni nene inakwaruzwa na bado inashika. Naziunga kwa mafundo mawili yanayokabiliana, nalowesha kwa mate kabla ya kukaza ili nailoni isiungue. Breki ya rili naipima kwa ile chupa ya maji: ikijaa ina uzito wa kilo moja na nusu, nayo ndiyo mizani yangu. Naining'iniza kwenye uzi, nalegeza breki mpaka ianze kuteremka polepole, kisha nakaza kidogo tu.

Ndani ya mkoba kuna boksi moja lenye vyumba 12, na mwaka huu wote sijahitaji la pili. Vyumba vilivyofanya kazi kubwa ni vya ndoana zenye kichwa cha risasi, za gramu 10 na gramu 20, pamoja na samaki wa mpira weupe wa sentimita nane hadi kumi. Kama ningelazimishwa kubaki na kitu kimoja, ningebaki na hicho. Mto Pangani unateremka kutoka Kilimanjaro na Meru, na wakati wa masika maji yake mdomoni yanakuwa ya udongo kabisa. Rangi ya buluu au ya kijani hapo inapotea. Nyeupe inaonekana. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi na maji yakawa kama kioo, nyeupe hiyohiyo bado inafanana na kidagaa.

Asubuhi moja ya bamvua nilisimama upande wa mjini, maji yameanza kutoka. Mzee mmoja wa Bweni, ng'ambo ya kivuko, alikuwa karibu yangu na mshipi wake wa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho cheupe ndicho unachovulia?"

"Ndicho, mzee."

"Basi usitupe katikati. Tupa pale maji ya mto yanapokutana na ya chumvi, unaona ule mstari wa povu?"

Niliuona. Upande mmoja kahawia, upande wa pili kijani, na takataka za mikoko zimejipanga katikati. Nikatupa gramu 20 ng'ambo ya povu, nikaiacha izame mpaka nikahesabu tano, nikaanza kuivuta kwa kuinyanyua na kuishusha. Mara ya tatu, ilipokuwa inashuka, uzi ukalegea ghafla. Samaki alikuwa ameidaka na anakuja kwangu. Nikazungusha rili haraka, uzi ukanyooka, breki ikalia. Alikuwa kolekole wa kilo mbili na kitu, mgongo unang'aa kama bati jipya, anapiga kichwa huku na huku mpaka nilipomshika mkia. Ndoana ilikuwa imeingia pembeni mwa mdomo, na ile nailoni ya mbele ilikwaruzwa sentimita 30 nzima. Bila hiyo nisingemwona.

Mzee yule hakunipa maneno tu. Alitoa mfukoni kipande cha kandambili kuukuu, kimekatwa ukubwa wa kiganja, kimezungushiwa nailoni zilizokwisha kufungwa ndoana, na kila ndoana imechomekwa kwenye povu la kandambili. Nyumbani nikakata changu. Kile kipochi cha plastiki cha kuhifadhia mishipi iliyofungwa nilichokinunua kwa shilingi 9,000 nikampa jirani. Kandambili hainywi maji, ndoana zinakauka upesi, mishipi haisokotani, na kikidondoka baharini kinaelea.

Kwenye kandambili hiyo nabeba mishipi sita ya chambo halisi, na ndoana zake ni za duara, namba 1/0 na 3/0. Chambo ni kamba au kipande cha ngisi, na wanaokuja ni changu, chaa, mara mojamoja chewa mdogo. Ndoana ya duara haitaki kushtuliwa. Samaki akila na kuondoka, inajigeuza yenyewe na kukamata pembe ya mdomo. Ukinyakua fimbo kwa nguvu unaitoa. Mimi ilinichukua mwezi mzima kuuzoeza mkono, lakini tangu hapo samaki aliyemeza ndoana mpaka tumboni ni nadra, na mdogo namrudisha majini akiwa mzima.

Chubwi za dukani, vile vizito vya kuzamishia mshipi, nimeacha kununua. Kwa fundi wa bodaboda naokota plagi zilizokufa, nazifunga kwa uzi mwembamba kuliko wote. Zikinasa kwenye mawe, uzi ule unakatika, plagi inabaki, samaki na ndoana vinarudi. Nabeba nne tu.

Vilivyobaki navitaja haraka: jigi mbili, yaani vyambo bandia vizito vya chuma, za gramu 30 kwa siku za upepo au vibua wanapoonekana mbali, popa moja, chambo bandia cha kuchezea juu ya maji alfajiri, swiveli kumi (viungo vinavyozunguka ili uzi usijisokote), vipande vitatu vya waya vya sentimita 20, plaizi yenye mdomo mrefu, kisu kidogo, tochi ya kichwani.

Waya naufunga nikiwa nimekwisha kumwona mzia, samaki ambaye meno yake hukata nailoni. Ukiufunga muda wote, kolekole wanaukwepa maji yakiwa meupe. Plaizi ndiyo chombo ambacho sitoki nyumbani bila yake. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na kumtoa ndoana kwa vidole ni kujitafutia maumivu ya siku nzima. Akikuchoma, chovya mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kujiunguza. Joto ndilo linalopunguza makali.

Kasoro sasa.

Mkoba huu una zipu ambazo vishikio vyake ni vya chuma. Mwezi wa pili viliganda kwa kutu, nikalazimika kuvivuta kwa plaizi. Nilipaka nta ya mshumaa, ikasaidia, na tangu hapo napaka kila wiki mbili. Kile kigundishi cha velkro cha mfuko wa mbele kilijaa mchanga na hakishiki tena. Kibaya zaidi, mkoba hauna tundu la kutolea maji. Ukiuchovya mara moja, maji ya chumvi yanakaa chini yakiloweka boksi. Nilitoboa matundu manne kwa msumari wa moto, na hilo lingetakiwa kufanyika kiwandani.

Boksi nalo linadai halipitishi maji. Linapitisha.

Halafu samaki wa mpira. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, anawamaliza. Unahisi vigongo viwili vitatu vidogo, unavuta, unakuta mkia umekatwa kama kwa mkasi. Wakianza, hama mahali. Siku moja walinilia wanne ndani ya nusu saa nikiwa naamini ni changu wanaogusa.

Fedha niliyoipoteza kabisa ni ya seti ya vyambo bandia 20 niliyonunua dukani kwa bei ya kutupa. Ndoana zake za miiba mitatu zilianza kutu baada ya wiki mbili, na moja ilinyooka mdomoni mwa kolekole nilipokuwa nimekwisha kuona rangi yake. Nilibadilisha ndoana za vitatu vilivyokuwa na umbo zuri, nikaweka ndoana moja moja nene, vingine nikaviacha. Vitatu vile vinavua mpaka leo.

Nikirudi nyumbani boksi nalifungua lote, namimina maji baridi ya bomba, nalianika kivulini likiwa wazi. Rili naifuta kwa kitambaa kibichi, siipigi maji kwa nguvu kwa sababu yanaisukuma chumvi ndani. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mkono na kwenye kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi. Dakika kumi.

Kwa anayetaka kuujaribia huku kwetu, kumbuka Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975, hapavuliwi. Mdomo wa mto na fukwe zinatosha. Vaa yeboyebo zilizokaza, mchanga wa hapo unaficha taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani.

Mkanda wa mkoba ulichanika mwezi wa tisa, pale unaposhonewa kwenye pete. Fundi viatu alitaka kutumia uzi wake, nikampa nailoni yangu ya ratili 40. Alishona kwa shilingi 2,000, na mshono huo haujalegea.