Mafunzo ya kuhoji mashahidi, Milimani Kisumu: siku ya kwanza ni dhahabu, ya pili imebanwa

Haya ni mafunzo ya siku mbili kwa wasaidizi wa kisheria, wachunguzi wa bima na wasimamizi wa walinzi. Msingi wake ni mahojiano ya utambuzi (cognitive interview), mbinu ya kumsaidia shahidi kukumbuka alichoona, iliyobuniwa Marekani na Ronald Fisher na Edward Geiselman miaka ya 1980. Ikiwa kazi yako ni kuandika maelezo ya walioona ajali au wizi, siku ya kwanza pekee inarudisha ada yako.

Kilicho bora ni zoezi la kunyamaza. Darasa linaonyeshwa video fupi ya bodaboda ikigongana na probox, kisha watu wanahojiana wawili wawili huku mwalimu akishika saa. Anachopima ni sekunde anazovumilia mhoji kabla ya kumkatiza shahidi. Utafiti kuhusu wapelelezi wa Florida, uliochapishwa 1987, ulikuta wastani wa sekunde 7.5. Shahidi akikatizwa anapoteza uzi wa kumbukumbu, na anajifunza kwamba majibu mafupi ndiyo yanayotakiwa. Basi anakaa kungoja swali, na usichouliza hukipati.

Utaratibu unafundishwa hatua kwa hatua. Kwanza shahidi anaambiwa wazi: "Mimi sikuwepo, wewe ndiwe uliyeona. Usibahatishe, kama hujui, sema hujui." Kisha anarudishwa pale kwa mawazo, akiwa amefumba macho, au akitazama sakafu asipopenda kufumba. Ulisimama wapi? Jua lilikuwa upande gani? Ulisikia nini? Baada ya kila swali mhoji ananyamaza, asiharakishe. Halafu anamwomba aeleze kila kitu, hata anachoona hakina maana. Maswali yanakuja mwisho na yanafuata mpangilio wa shahidi: akiwa bado kwenye sura ya dereva, usimrushe kwenye namba ya gari.

Somo la maswali ya kuongoza limepewa uzito unaostahili. Ukiuliza "ile probox nyeupe ilikuwa na kasi gani?" kabla shahidi hajataja rangi, umeshampa rangi. Katika jaribio la wanasaikolojia Loftus na Palmer la 1974, watu walionyeshwa filamu ya ajali ya magari, kisha wakaulizwa kuhusu kasi: 16 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha magari kupondana, walidai wiki moja baadaye kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa "kugongana" tu walikuwa 7 kati ya 50. Filamu yenyewe haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Siku ya pili ndiyo yenye kasoro. Kusimulia tukio kuanzia mwisho kurudi mwanzo kunasaidia, kwa sababu kunamzuia shahidi kujaza mapengo kwa mazoea. Lakini hapa zoezi hilo limebanwa ndani ya saa moja pamoja na kusimulia kwa macho ya mtu mwingine, mbinu ambayo sisi tungeiacha kabisa: inamkaribisha shahidi kubuni.

Pia hakuna neno kuhusu mahojiano ya haraka. Matatu ikipata ajali barabara ya Busia, abiria wanapanda gari jingine baada ya dakika chache. Lililo muhimu hapo ni kuwatenga kabla hawajalinganisha hadithi, na kumpa kila mmoja karatasi yenye maagizo ajiandikie mwenyewe. Njia hiyo ipo, ilichapishwa 2009, na ingetosha nusu siku.

Pengo kubwa zaidi ni lugha. Shahidi anasimulia kwa Kijaluo au Kiluhya, karani anaandika kwa Kiingereza, na kitenzi alichokichagua shahidi kinapotea palepale, ingawa asubuhi darasa limefundishwa jinsi kitenzi kimoja kinavyogeuza kumbukumbu. Kabla ya kujiandikisha, waulizeni waandaaji kama wameongeza somo hilo. Kwa sasa, rekodi sauti kwa idhini ya shahidi, andika maneno mazito kama alivyoyatamka, tafsiri uiweke pembeni, kisha msomee yote kwa lugha yake kabla hajatia sahihi.