Boxer 150 kwenye milima ya Bukavu

Mwaka mmoja na miezi miwili sasa naendesha pikipiki ya Boxer 150 hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Stendi yangu ni Essence. Natoka pale kwenda Panzi, Nyawera, na mara nyingi kupandisha wamama wa soko la Kadutu na magunia yao. Watu wananiuliza kama vitesi nne (gia) zinatosha milima yetu. Zinatosha.

Injini ni ya cc 144.8. Inavuta zaidi ikiwa kwenye mizunguko kama 5,000 kwa dakika, ilhali nguvu ya mwisho inangoja 7,500. Ndiyo maana naipenda: haingoji kupiga kelele ndipo ibebe mtu. Yangu haina saa ya mizunguko, basi nasikiliza. Ukiwa kwenye ya nne, tanki likatetemeka katikati ya magoti, mnyororo ukagonga, ukazidisha gazi na mwendo usiongezeke, umechelewa kurudi ya tatu.

Mimi nilikuwa napanda Kadutu na ya tatu, nimeshikilia ambreyaji (klachi) nusu ili injini isizime. Miezi minne tu, diski za ambreyaji zikaungua. Ile harufu nilidhani ni ya breki! Fundi wangu akaniambia: "Mkubwa, hiyo ya pili unamuwekea nani? Iingize ungali chini." Tangu siku ile naingiza ya pili kabla barabara haijainuka, naachia ambreyaji yote, gazi linafuata. Nikiwa na gunia la muhogo na mwenye gunia, natumia ya kwanza.

Tena mji wetu uko karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu. Aliyezoea Uvira, kule chini kando ya Tanganyika, ataona pikipiki ileile imelegea. Na aliyezoea pikipiki ambayo vitesi ya kwanza inaingia chini, nyingine juu, ajaribu kwanza mahali tambarare: hapa vidole vinakanyaga kupandisha zote nne, kisigino kinarudisha.

Kushuka ndiko kunakoniumiza moyo nikitazama wenzangu. Wanaweka libre (bila gia) ili wabane esansi (petroli). Breki za ngoma zinabeba uzito wote, zinapata moto, hazikamati tena, na chini watoto wanatoka shule. Jamani, shukeni na ya pili, gazi limefungwa. Injini yenyewe inawashikilia.

Diski nilizoweka wakati ule zina miezi kumi. Fundi hajazigusa.